Mbwa wa Boma

Kisa hiki nimekitunga kwa kufunzia, na watu wake sikuwapa majina. Hata hivyo, mtu aliyekulia kwenye boma la wafugaji kule Itiryo, wilayani Tarime, au upande wa Mugumu wilayani Serengeti, hatapata shida kukiamini, kwa sababu hakuna hatua hata moja ndani yake isiyo ya kawaida. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Mzee mmoja wa Itiryo alikuwa na wake wawili, ng'ombe wa kutosha, mbuzi, shamba la mahindi, migomba, mibuni michache, na mbwa aliyeitwa Taiga. Mpaka wa Kenya hauko mbali na huko, na mwizi wa ng'ombe hajawahi kuuheshimu. Usiku Taiga alilala mlangoni pa zizi. Akibweka mara moja na kunyamaza, mzee aligeuka upande wa pili akaendelea kulala, maana alijua ni fisi anapita mbali. Akibweka mfululizo huku akirudi nyuma, mzee aliamka, akachukua tochi na rungu, akawaita wanawe. Mle ndani ya boma hakuna mwingine aliyeujua utofauti huo.

Kila mwaka gari la mifugo lilipopita na kipaza sauti kutangaza chanjo ya kichaa cha mbwa, mzee alimfunga Taiga kamba ya katani, akampeleka mwenyewe hadi chini ya mti penye shule ya msingi, akasimama kwenye foleni pamoja na watoto, maana siku kama hizo wanaoleta mbwa wengi ni watoto. Kadi ya chanjo aliitia kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na stakabadhi za mnadani na cheti cha ubatizo cha mtoto wa mwisho. Hakumwambia mtu kwa nini anaitunza. Aliitunza tu.

Mzee akafa. Watu wakajaa, fahali akachinjwa, na kwa siku chache Taiga alishiba mifupa kuliko wakati wowote wa maisha yake. Kisha turubai likashushwa, wageni wakatawanyika, ukoo ukakaa kikao.

Kikao kile kilikuwa kizuri, na nalisema hilo kwa dhati. Aliyekiongoza, mdogo wa marehemu, alikuwa mtu wa haki. Kijana mmoja aliyemaliza sekondari alishika kaunta buku na kuandika. Kwa Wakurya kila nyumba ya mke ina ng'ombe wake, na mahari ya binti wa nyumba fulani ndiyo inayomwolea kaka yake wa nyumba hiyohiyo. Kwa hiyo ng'ombe hagawiwi kwa kuhesabiwa tu. Anatajwa asili yake. Yule mwekundu mwenye baka tumboni alizaliwa na ng'ombe wa mahari ya binti mkubwa, ni wa nyumba kubwa. Yule mweusi aliyevunjika pembe alinunuliwa kwa fedha ya kahawa, hana nyumba, ajadiliwe. Walibishana juu ya ndama mmoja karibu saa nzima, na walikuwa na haki ya kubishana. Wakaja kwenye mashamba, wakaja kwenye baiskeli, redio, jembe la kukokotwa na ng'ombe, sufuria kubwa za sherehe. Hata mlango wa bati uliokuwa umeegemezwa ukutani ukapata mwenyewe.

Mjukuu wa miaka 11, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza, akauliza: "Babu, na Taiga je?"

Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha upole. Mwenyekiti akamjibu: "Mura, mbwa ni wa boma. Hagawiwi."

Kijana wa kaunta buku hakuandika kitu.

Jibu lile lilisikika kama la busara, na ningekuwapo huenda hata mimi ningeitikia kwa kichwa. Lakini tazama boma lenyewe lilivyokuwa baada ya mwezi mmoja. Mtoto mkubwa wa nyumba kubwa alihamishia ng'ombe wake kwenye mji wake ng'ambo ya bonde. Nyumba ndogo ikabaki na wale wachache. Kijana mwingine akaenda kufanya biashara Sirari. Mjane mkubwa alikuwa bado ameinamia msiba wake. Boma alilokabidhiwa Taiga halikuwepo tena. Mbwa akawa anawafuata ng'ombe ng'ambo asubuhi, akifika anafukuzwa na mbwa wa kule. Jioni anarudi kwenye zizi la zamani, anakuta nusu yake tupu. Ugali uliokuwa ukiachwa kwa ajili yake kwenye sahani ya bati haukuachwa tena, kwa sababu aliyekuwa akiuacha alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba. Njaa ikampeleka buchani, kisha mnadani, wanakokutana mbwa wa vijiji vingi.

Gari la chanjo likaja. Mjane alidhani mwanawe atampeleka. Mwana alidhani mbwa ni wa kwa mama mdogo. Mama mdogo alijua mbwa ni wa mzee. Mjukuu alikuwa tayari kumpeleka, lakini kamba ilikuwa imechukuliwa kufungia mbuzi, na hakuna mtu mzima aliyemwambia aende. Mwaka uliofuata gari likaja tena, mambo yakawa yaleyale.

Siku moja Taiga alirudi kutoka mnadani sikio likiwa limechanika. Mbwa hupigana, nani aulize? Wiki kadhaa zikapita. Akaanza kujificha kwenye mibuni mchana kutwa. Sauti yake ikawa ya kukwaruza. Akaonekana akiutafuna mti wa zizi. Kisha taya la chini likalegea, mate yakawa yanachuruzika, na kila akijaribu kumeza anashindwa.

Mjukuu alimpenda mbwa yule kuliko mtu yeyote aliyebaki pale. Alidhani amekwamwa na mfupa. Akamwita, akampakata, akaingiza mkono kinywani kuutafuta ule mfupa. Hakung'atwa. Jino lilimkwaruza kidole tu, damu ikatoka kidogo, akaifuta kwenye kaptura.

Taiga akafa baada ya siku mbili. Alikokotwa kwa mguu akatupwa kichakani. Kidonda cha kidole kikapona.

Yapata miezi miwili baadaye kidole kilianza kumwasha pale palipopona. Ikaja homa, wakadhani malaria, wakampa dawa ya malaria. Kisha akapewa kikombe cha maji akashtuka, koo likakaza, hakuweza kumeza. Walipomfikisha hospitali daktari aliuliza swali moja tu, kama kuna mbwa aliyewahi kumng'ata, na mama yake akajibu kwa ukweli wake wote kwamba hapana. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Mtoto hakurudi nyumbani.

Wengi wakisikia kisa cha namna hii huelekeza macho kwenye kidole. Ni kweli, pale palikuwa na nafasi ya kuokoa. Jeraha la mbwa, hata mkwaruzo, hata mate yaliyogusa ngozi iliyochubuka, lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo akaanzishiwe chanjo, na azimalize sindano zote. Pilipili, majivu, mafuta ya taa, vyote hivyo havisaidii na vinapoteza muda. Mbwa mwenye taya lililolegea na mate yanayotoka achukuliwe kuwa mgonjwa wa kichaa, wala mtu asimtie mkono kinywani. Ningependa kila mwalimu wa shule ya msingi wa Tarime na Serengeti awafundishe watoto jambo hilo la mwisho wiki hii hii, kwa kuwa mtoto mwenye huruma ndiye anayeingiza mkono.

Lakini mtoto yule alianza kupotea tangu kwenye kikao, pale kijana wa kaunta buku alipoacha mstari mmoja bila kuuandika.

Watafiti wamefanya kazi ya miaka mingi kuhusu kichaa cha mbwa wilayani Serengeti, na jambo moja walilolionyesha linahusu hasa habari hii. Mbwa wa vijijini kwetu huonekana wakizurura, mgeni akadhani hawana wenyewe. Ukweli ni kwamba karibu wote wana kwao. Anazurura mchana, lakini kuna mlango anaorudi usiku na kuna mtu atakayetamka "huyu wangu" siku ya chanjo. Kinga yote ya kijiji imesimama juu ya mtu huyo. Ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Na virusi hivi si vya kuenea kwa kasi kama surua: hesabu zilizofanywa Serengeti zilionyesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, zaidi kidogo tu ya mbwa mmoja mwingine. Ukimwondoa mmoja kwenye mnyororo kwa chanjo, mnyororo unaweza kukatika. Ukimwacha mmoja bila mwenyewe, unaweza kuunganika tena. Kwa hiyo mbwa wa marehemu si jambo dogo la nyumba moja.

Mwaka 2002 utafiti uliotumia takwimu za majeraha ya mbwa ulikadiria kuwa kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 1,500 kwa mwaka Tanzania. Duniani, makadirio ya mwaka 2015 yalikuwa watu 59,000 kila mwaka, na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani karibu 4 kati ya kila 10 wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Hata simba wa Serengeti wamewahi kulipa: mwaka 1994 homa ya mbwa iitwayo distempa, iliyohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, iliua karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi ile. Baada ya hapo ndipo kampeni za kuchanja mbwa wa vijiji jirani zilipopata nguvu.

Wapo watakaosema njia ni moja, mwenye mbwa akifa mbwa naye auawe. Nimewasikia, na siwakubalii. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipopata kichaa cha mbwa mwaka 1997 kiliua mbwa kwa maelfu, na ugonjwa ukabaki. Watu walileta mbwa wengine kujaza nafasi, na wale wapya hawakuwa wamechanjwa. Taiga alikuwa amechanjwa miaka mfululizo. Kumuua wakati mzee anazikwa kungekuwa kutupa kinga iliyokwishapatikana, mbali na kwamba ni malipo mabaya kwa mnyama aliyelala mlangoni pa zizi usiku wa mvua.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji, mahali pa kukaa na matibabu. Shida ni pale mwenyewe anapokuwa kaburini na hakuna aliyetajwa nafasi yake. Sheria haiwezi kulidai boma. Inamdai mtu.

Njia ya kumtaja mtu huyo ipo, tena ni ileile tunayoitumia kwa ng'ombe. Kwa mujibu wa Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, mtu anaweza kutoa wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Akijua kusoma na kuandika, anaweza kuuandika mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Mbele ya wosia kama huo mbwa ni mali. Hawezi kurithi, lakini anaweza kurithishwa. Na kama hakuna wosia, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa ndani ya miezi minne kupeleka orodha ya mali za marehemu. Nimeona orodha zenye vijiko. Mbwa aandikwe, na pembeni liandikwe jina la anayemchukua.

Anayetajwa lazima aulizwe kwanza. Mwaka 2007 alifariki huko Marekani tajiri wa mahoteli, Leona Helmsley, akamwachia mbwa wake mdogo, Trouble, dola milioni 12. Mahakama ikazipunguza hadi milioni 2. Pamoja na fedha zote hizo, ndugu aliyetajwa kumtunza mbwa alikataa, na aliyemlea mpaka mwisho alikuwa meneja wa hoteli. Fedha ilikuwapo, mtu hakuwa ameridhia. Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna mfano wa upande wa pili. George Adamson, mlezi wa simba, alipouawa na majambazi kule Kora, Kenya, Agosti 1989, aliacha watoto watatu wa simba aliokuwa akiwalea: Batian, Furaha na Rafiki. Alijitokeza mtu mmoja kwa jina lake, Gareth Patterson, akawahamishia Botswana akawalea huko. Baadaye wawili kati yao waliuawa kwa risasi. Ulezi wa mnyama wa marehemu hauna hakika. Lakini walikuwa na mtu wa kuwajibika kwao tangu siku ile, na mtu huyo alijulikana.

Kwa mbwa wa Itiryo, mtu huyo anafaa awe nani? Mtoto hafai kuwa mwenyewe, hata awe anampenda namna gani, kwa sababu hana sauti ya kuamua wala hela ya nauli kwenda hospitali. Amsaidie mtu mzima, naye atajwe kuwa msaidizi, ajisikie. Afaaye zaidi ni yule anayechukua sehemu kubwa ya ng'ombe, maana mbwa wa zizi atawafuata ng'ombe tu. Ahamishwe nao siku ileile, kwa kamba, afungwe siku kadhaa kule kwenye mji mpya na kulishwa na mwenyewe huyo kwa mkono wake, mpaka akubali kuwa ndiko kwao. Ukimwacha ajichagulie, atachagua kaburi na zizi tupu, kisha buchani. Na kama ni jike, useme pia watoto watakaozaliwa ni wa nani, na nao wachanjwe wangali wadogo. Wengi huwaacha kwa kudhani chanjo ni ya mbwa wakubwa tu.

Wapo wazee wanaoona haya kumtaja mbwa mbele ya mashahidi wanne, wakihofia kuonekana wanafanya mchezo. Basi wamtaje pamoja na mbuzi mmoja: "Taiga na mbuzi huyu mweupe ni wa fulani, mbuzi ni wa kumsaidia kumlisha." Hapo hakuna atakayecheka, na mbuzi atamkumbusha mrithi kwa nini alipewa. Binafsi naona hiyo ni kauli ya mtu mzima mwenye mji, sawa kabisa na kusema nani atachunga ng'ombe wa mahari.

Mstari uliokosekana kwenye kaunta buku ungeweza kuwa mfupi hivi: "Mbwa Taiga amechukuliwa na mtoto mkubwa wa nyumba kubwa, ameridhia, na kadi ya chanjo amekabidhiwa." Kopo la majani ya chai lilikuwepo ndani, kadi zilikuwemo. Baada ya mazishi ya mtoto ndipo mama mdogo alipolifungua akitafuta cheti cha ubatizo, akakuta kadi zote zimefungwa kwa uzi kwa mpangilio wa miaka, ya mwisho ikiwa ya mwaka aliofariki mzee.

Wewe unayefuga mbwa, au hata paka wa ghalani, mtaje mtu leo, umuulize kama ataweza, na umwonyeshe kadi ya chanjo ilipo. Wewe unayeshika kalamu kwenye kikao cha ukoo, usifunge daftari kabla hujauliza habari za mbwa, na jibu la "ni wa boma" usilikubali. Maafisa mifugo wa kata, mkipita na kipaza sauti, simamisheni gari mbele ya mji uliokuwa na msiba mwaka ule, mwulize. Na kama jirani yako amezika hivi karibuni, pita kwake kabla ya siku ya chanjo, ujue mbwa wa marehemu yuko kwa nani. Asipopatikana wa kumshika kamba, mshike wewe umpeleke.